Mgunga Nyuma ya Jiko

Kilimatinde, 3 Juni 1901

Kwa Biasha binti Majaliwa, Songea, nyumba ya tatu chini ya boma

Mke wangu,

Salamu zangu zikutangulie kabla hujafungua karatasi. Mimi mzima, ila miguu imezeeka kuliko mwili. Tumetembea siku thelathini na nne kutoka Songea, kwa sababu Bwana alikuwa akisimama kila penye jani asilolijua. Wapagazi wameshampa jina, Bwana Majani. Kazi yake ndiyo hiyo: anakata tawi, analibana kati ya karatasi mbili, na mimi karani wake naandika pembeni jina, mahali na siku.

Ugogo ni nchi kavu. Wewe uliyezoea ukungu wa milima ya Matogoro ungedhani mbingu ya huku imetiwa kufuli. Kila kitu kimekauka isipokuwa mti mmoja, mgunga. Kichwa chake kimekaa bapa kama ungo. Miiba yake ni ya namna mbili kwenye tawi lilelile: mirefu, myeupe, iliyonyooka; na mifupi iliyopinda kama ndoana. Ukijinasua kwenye mmoja, wa pili umeshakushika kanzu. Majani yake ni madogo kuliko punje ya mtama, ndiyo maana jua halipati cha kunyonya. Na mizizi, Mwanaisha anasema, inashuka kuliko kisima chochote walichochimba watu wa hapa.

Mwanaisha ndiye anayetupikia kambini. Mama yake Mgogo, na marehemu mumewe alikuwa mtu wa misafara. Bwana Majani akiniuliza jina la mti, mimi namuuliza Mwanaisha. Hajui kusoma, lakini miti anaijua kama wewe unavyojua vitambaa vya duka la baba yako. Jana alitupasulia gome akatuonyesha utomvu unaotoka. Ukikauka unang'aa, na watoto wanautafuna. Mimi nabandikia karatasi. Hata bahasha hii imefungwa kwa utomvu wa Mwanaisha.

Nitarudi mvua za kwanza zikianza, Mungu akipenda.

Mumeo,
Alfani


Songea, 20 Julai 1901

Mume wangu Alfani,

Barua imefika. Niliifungua kwa kisu, maana ilikuwa imegandishwa vizuri mno.

Nimeisoma mara tatu. Usifurahi, nilikuwa nahesabu. Jina langu liko mara moja, juu kabisa, pale ambapo bila hilo tarishi asingejua nyumba. Mti wenyewe umeutaja jina mara moja. Jina la huyo mpishi liko mara nne. Sasa niambie, mume wangu, hii ilikuwa barua ya habari za mti au za nani?

Baba alinifundisha kuandika ili nimsaidie dukani. Hakujua kuwa siku moja nitakaa nasoma sifa za wapishi wa Ugogo.

Mimi sina wivu. Nataka tu kujua: ni mtu mzima kiasi gani? Ana meno? Na anapika nini hasa, katika nchi ambayo kila kitu kimekauka?

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu, kwamba sina wivu. Ni uongo. Ninao, na unaniwasha tangu tarishi alipoondoka. Afadhali nikuambie mwenyewe kuliko uje usikie kwa watu.

Paa la jiko linavuja. Njoo.

Biasha


Kilimatinde, 9 Oktoba 1901

Mke wangu mpenzi Biasha,

Umeuliza kama ana meno. Anayo.

Tuyaache hayo. Bwana Majani ameitwa pwani na masanduku yake ya majani, nami nimebakizwa hapa kwenye boma kwa mkataba. Ruhusa hawatoi. Sikutaka, lakini mshahara wa karani hauchezewi, na paa unalolisema litatengenezwa kwa huohuo.

Nakutumia kitu. Ndani ya kitambaa kuna mbegu kumi na mbili za mgunga. Maganda yake hujikunja kama hereni, na mbuzi wanayapenda kuliko majani. Zipande mbele ya nyumba, mahali nitakapoweka kiti nikirudi. Ni mti wa faida, Biasha. Kuni zake huwaka bila moshi mwingi. Matawi yake ukiyapanga kuzunguka zizi, fisi hapiti. Gome ukilichuna unapata kamba. Gome hilohilo ukilichemsha ukanywa, tumbo la kuhara damu linafunga. Mimi mwenyewe lilinishika mwezi wa nane, nikanyweshwa siku mbili nikapona. Na ngozi ikiloweshwa humo inakuwa nyekundu, laini, haiozi. Mkoba wangu wa wino ulikuwa umetoboka. Sasa ninao mwingine wa ngozi ya mbuzi iliyoloweshwa magome siku saba, umeshonwa kwa uzi wa ukano. Sitasema nani ameushona, kwa kuwa najua unahesabu.

Mbegu ni ngumu kama kokoto. Nilipouliza zinapandwaje niliambiwa: toboa shimo kwa kidole, fukia, mwagilia. Ni hivyo tu.

Uwe unazitazama kama unavyonitazama mimi.

Alfani


Songea, 17 Januari 1902

Dada Halima,

Shikamoo. Nawe huko Tunduru umwombee mdogo wako, maana nimefanya jambo na sijui nijute au nilale.

Unamkumbuka Daimu, mpagazi wa baba, yule mrefu asiyejua kunyamaza? Amerudi juzi na msafara kutoka Ugogo. Nikampa uji. Akanywa, akasifu, akasema, "Shemeji, uji wako mtamu, lakini pilau ya harusi ya bwana Alfani nayo ilikuwa na nyama." Kisha akaniangalia usoni akaona kuwa sikuwa najua. Akakimbia akaacha kata yake ya kubebea mzigo kichwani.

Kwa hiyo ameoa, dada. Amemwoa mpishi wake. Mwezi wa kumi na moja ndio harusi, na mwezi wa kumi ndio alioniandikia nipande mbegu mbele ya nyumba. Bila shaka zile mbegu ziliokotwa na mwanamke huyo. Alitaka nimwoteshee mke mwenzangu mti mlangoni kwangu, halafu yeye aje aweke kiti kivulini.

Angesema, "Biasha, hujazaa," ningemwelewa, na ningekasirika vilevile. Lakini hakusema chochote.

Nilikuwa na sufuria ya maji ya ugali jikoni, yanachemka. Nilitia zile mbegu kumi na mbili kwenye bakuli nikazimwagia maji yale, yakiwa yanatokota. Nikasema, haya, oteni. Nikaziacha humo mpaka kesho yake. Zilikuwa zimevimba kama macho ya mtu aliyelia, nikafurahi. Nimezitupa nyuma ya jiko penye majivu.

Usimwambie baba habari za harusi. Nitamwambia mwenyewe siku nitakayoweza kusema bila sauti kupasuka.

Mdogo wako,
Biasha


Songea, 17 Januari 1902

Alfani,

Mbegu nimezipanda kama ulivyosema. Mvua imenyesha vizuri. Hakuna kilichotoka.

Biasha


Songea, 2 Machi 1902

Dada Halima,

Shikamoo. Keti kwanza.

Zimeota. Zile mbegu nilizozichemsha. Jana nilikwenda kumwaga majivu nikaona vijani, vidogo, vimepangana kama vya mkwaju. Nikadhani ni magugu. Nikakivuta kimoja kikanichoma, maana tayari kina miiba, dada, mche usiofika urefu wa kiganja. Nikajua ni nani huyo.

Ilikuwa mitano. Mbuzi wa jirani yangu Lidwina, yule Mngoni aliyebatizwa na mapadri wa Peramiho, amekula minne leo asubuhi. Lidwina alikuja mbio kuomba radhi, akakuta nacheka. Nikamwambia mbuzi wake ana akili kuliko mimi.

Umebaki mmoja. Nilichukua jembe niung'oe. Nikasimama pale na jembe mpaka mgongo ukauma. Mwisho nikakata matete nikauzungushia ili mbuzi asiufikie. Usiniulize kwa nini. Namchukia aliyeokota mbegu, na aliyeileta nataka arudi, na mti wenyewe haujanikosea kitu. Niliutaka ufe na haukufa. Sasa naona kama umenishinda, na mtu akinishinda napenda kumtazama.

Alfani sitamwambia. Yeye ana mke huko asiyeniambia, mimi nina mti huku nisiomwambia. Tumelingana.

Biasha


Kilimatinde, 28 Mei 1902

Mke wangu Biasha,

Barua yako ilikuwa na mistari miwili tu, nikajua Daimu amefika.

Ni kweli. Nimeoa. Nilitaka kukuandikia mwenyewe, nikaanza mara tatu, kila mara nikaishia kwenye salamu. Mimi ninayeandikia boma zima nilishindwa kuandika neno moja. Haki yako haijapungua, na nusu ya mshahara itakuja kwako kila mwezi. Lakini najua hukuuliza mshahara.

Kosa langu si kuoa, dini inaruhusu. Kosa langu ni kukuacha usikie kwa mpagazi. Hilo nisamehe ukiweza.

Nimehuzunika kwa ajili ya mbegu. Mwanaisha nilipomwambia kuwa hazikuota alisema labda ni udongo wa Songea, una maji mengi. Nitatuma nyingine.

Mumeo,
Alfani


Songea, 11 Februari 1904

Alfani,

Mbegu za pili nazo zimekufa. Usijisumbue kutuma za tatu. Nchi hii haina mgunga na haitakuwa nao.

Paa nimelitengeneza. Baba anakusalimu. Mimi pia, kwa kuwa ndivyo barua zinavyokwisha.

Biasha


Kilimatinde, 30 Juni 1905

Biasha,

Mkataba unaisha mwezi wa kumi. Nitakuja Songea. Sitaandika kama nakuja kukaa au kukaa kidogo. Nimejifunza kuwa mambo mengine hayafai karatasi. Nikifika tutazungumza, na ukitaka kunifungia mlango, fungua kwanza dirisha ili nisikie unavyonitukana.

Nimesikia maneno kwenye msafara, kwamba kuna watu wa kusini wanapewa maji ya dawa. Kama kuna lolote, kaa kwa baba yako.

Jambo moja tu linaniuma: nilitaka nikute mti.

Alfani


Kilimatinde, Februari 1907

Kwa Bibi Biasha, mke mkubwa wa Alfani, Songea

Maneno haya ni ya Mwanaisha. Mkono ni wa Hamisi, karani mpya.

Nakusalimu. Hunijui na sikujui, na tungeweza kufa hivyo hivyo bila hasara. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuwa mjinga.

Alfani aliondoka hapa mwezi wa kumi, mwaka juzi. Msafara wa askari ulikuwa unakwenda kusini kwa sababu ya vita, ukahitaji karani anayejua njia ya Songea. Aliitika kabla hawajamaliza kuuliza. Nilimfungia chakula. Nilimwona jinsi anavyofunga viatu, kama bwana harusi, nikajua miguu ile inakwenda kwako. Sikulia mbele yake.

Sasa ni mwaka na zaidi. Hakuleta neno hata moja. Sikuuliza, nikasema, mwache, amefika kwa anayempenda, amesahau. Lakini mimi bado kijana wa kutosha, na watu wananiposa. Basi mwambie Alfani jambo moja. Kama amerudi kwako moja kwa moja, aniandikie talaka yangu. Asiniache nimefungwa kama mbuzi asiye na mchungaji.

Na anirudishie mkoba wangu. Ngozi ile niliilowesha mwenyewe.

Mwanaisha binti Iddi


Songea, 19 Aprili 1907

Kwa Mwanaisha binti Iddi, Kilimatinde

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini mlangoni.

Mimi nilidhani yuko kwako.

Aliniandikia kuwa atakuja mwezi wa kumi. Vita vikaja mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi ukapita, na wa kumi na mmoja, askari wakafika, yeye sikumwona. Nikasema, amesikia vita akaona kisingizio, amebaki kwa mpishi wake anakula pilau. Nilikuchukia mwaka mzima na nusu kwa ajili ya mtu ambaye hukuwa naye. Nawe ulikuwa unanichukia mimi kwa ajili yake huyohuyo. Tungeulizana mapema tungejua mapema. Lakini mimi nisingekuuliza wewe hata kama ningekuwa nakufa na kiu.

Ya hapa siwezi kuyaandika yote. Mashamba yalichomwa na maghala pia. Wanaume wengi wa Kingoni hawapo. Mume wa Lidwina, jirani yangu, ni mmoja wao. Ile siku ya Februari iliyofuata, wakubwa wa Kingoni waliponyongwa hapa bomani, tulijifungia ndani mimi na Lidwina, tukaziba masikio, na zaidi ya hapo sisemi. Kisha ikaja njaa. Baba alizikwa mwezi wa Rajabu. Fisi walizoea kuingia mjini.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kumtafuta Daimu, mpagazi. Alichukuliwa na msafara uleule wa askari tangu Iringa, akapelekwa mpaka Nyasa, na amerudi mwezi uliopita amekonda, mkimya, na kila nikipita anageuza uso. Nilidhani ni aibu ya njaa. Nikamwambia, "Daimu, mume wangu yuko wapi?" Akaingia ndani akatoka na mkoba mwekundu.

Alfani alifia ng'ambo ya mto Ruhuhu, mwezi wa kumi na moja, siku mbili kutoka hapa. Alishikwa na kuhara damu. Daimu ndiye aliyemzika, na jiwe ameweka.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu, na wewe ndiye wa kwanza kwa kuwa ndiye ninayekuogopa kidogo kuliko wengine. Daimu alisema, "Shemeji, alikuwa anaomba gome la mgunga. Alisema yule mke wa pili alimponya kwalo huko Ugogo. Nikamwambia, bwana, nitapita porini mpaka Songea kwa mkeo, nitaleta. Akaniambia, usijiue bure, Daimu. Songea hakuna mgunga. Mke wangu alipanda mara mbili, zikafa."

Mwanaisha, mgunga upo. Uko nyuma ya jiko langu. Mbegu zako za kwanza nilizimwagia maji ya moto ili zife, nikazitupa jalalani, zikaota. Za pili nilizitia motoni. Nilimwandikia kuwa hakuna kitu kwa kuwa sikutaka akae kwenye kivuli chako. Njaa ilipokuja tulikuwa tunabandua utomvu, mimi na Lidwina, tukitafuna. Fisi walipokuja tulikata matawi tukayapanga mlangoni. Mti ule umetufaa sote isipokuwa yeye.

Talaka huna haja nayo. Wewe ni mjane. Eda yetu imekwisha kupita bila hata mmoja wetu kuikalia.

Biasha


Kilimatinde, Juni 1907

Kwa dada Biasha,

Hamisi ameandika "dada" kwa kuwa nimemwambia. Ameinua kope akaniangalia, nikamwambia aandike.

Nililia siku tatu, kisha nikaanza kukukasirikia, kisha nikafika kwenye yale maneno ya maji ya moto, nikamwambia Hamisi asome tena. Akasoma. Nikacheka mpaka akaogopa. Nimemtuma akatembee kidogo, sasa amerudi, tuendelee.

Dada, mbegu ya mgunga haioti hivi hivi. Ganda lake halipitishi maji. Ukiifukia kavu inaweza kukaa ardhini miaka na miaka, inakutazama tu. Huku kwetu inapita kwanza tumboni mwa mbuzi. Na anayetaka kuipanda kwa mkono anachemsha maji, anaiepua sufuria, anaimwagia mbegu, anaiacha humo mpaka kesho yake ivimbe. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake.

Alfani aliponiuliza zinapandwaje, nilimwambia toboa shimo, fukia, mwagilia. Maji ya moto sikuyataja. Nilijua. Nilimtazama anavyozifunga kwenye kitambaa, taratibu, moja moja, kwa ajili yako, nikasema moyoni, hautaota huko. Mlangoni kwake hautaota. Alipouliza kwa nini zimekufa nikamwambia ni udongo wa Songea.

Kwa hiyo mimi nilificha ili usiote, nawe ulimwaga ili usiote. Angalia sasa.

La gome usilibebe. Nasema hili kwa kuwa ni kweli: mgunga wa miaka minne gome lake ni jembamba, halina ukali. Tunachuna mti mzee, wa miaka ishirini na zaidi. Daimu angelileta lisingemfaa. Ulale.

Lakini mkoba ni wangu. Kila tundu la sindano nalijua. Wewe ulikuwa naye kabla yangu, una nyumba yake, una barua zake na unazisoma mwenyewe. Mimi sina hata karatasi. Nitumie mkoba.

Mwanaisha


Songea, 25 Agosti 1907

Mwanaisha,

Nimeisoma barua yako chini ya mti, kwenye kiti ambacho Alfani hakuwahi kukikalia. Sijui kama habari ya gome jembamba ni kweli, au umenionea huruma. Nilitaka kumuuliza mtu mwingine anayejua miti. Nimeacha. Sitamuuliza mtu, na wewe usiniambie tena. Wewe uliwahi kuficha jambo moja kuhusu mti huu, na kama hili ni la pili, nakushukuru kwalo.

Nakuonea wivu hata sasa. Ulimponya, mimi sikumponya. Uliona viatu vyake vikifungwa kwa mara ya mwisho. Unasema vilikuwa vinakuja kwangu, nalo neno hilo nimelikunja nikaliweka mahali ambapo hata Halima dada yangu halioni. Ungeweza kuninyima, maana barua ilikuwa yako.

Mkoba sikutumii. Nimeunusa kila siku tangu Daimu anikabidhi, na harufu yake si ya Alfani, ni ya magome, kwa hiyo najua kuwa ni wako. Bado sikutumii. Tarishi anapoteza vitu. Ukiutaka njoo uuchukue mwenyewe mkononi mwangu, tutazamane. Njia ni ile ya Iringa, na siku hizi misafara inapita salama. Paa halivuji. Lidwina anasema anataka kumwona mwanamke niliyemtukana mbele yake miaka sita.

Mti umezaa mara ya kwanza mwaka huu. Maganda manne tu, yamejikunja kama hereni, kama Alfani alivyosema. Nimeyafungia kwenye kopo ili mbuzi asiyapate. Daimu anajua lile jiwe liko wapi, ng'ambo ya Ruhuhu, na anasema mahali penyewe ni pakavu na hapana kivuli.

Nakungoja mpaka mvua zianze. Kidole cha kutoboa shimo ni chako. Maji nitachemsha mimi.

Dada yako,
Biasha